Likizo ya wawili Unguja na Pemba: namna ya kuzunguka kisiwa hadi kisiwa bila kumezwa na watu

Kila msimu maswali ni yale yale. Tukae Nungwi au Paje? Fungu la mchanga la Nakupenda twende saa ngapi? Tumefika ufukweni asubuhi bahari haipo, tumetapeliwa? Na lile kubwa, ambalo kwa kawaida huulizwa na mmoja huku mwenzake akitazama pembeni: kuna mahali Zanzibar ambapo hakuna makelele?

Mahali papo, ila si pa siri. Kelele za visiwani zina ratiba. Boti za makundi huondoka saa zile zile, hutia nanga pale pale, na muziki huwashwa usiku ule ule wa juma. Mkiijua ratiba hiyo mtakaa Nungwi mwezi wa Agosti na bado mtapata saa zenu mbili za ufukwe mtupu. Msipoijua, mtalipa pesa nyingi kusikiliza spika ya jirani.

Mwongozo huu ni wa usiku nane au tisa: Mji Mkongwe, pwani moja ya Unguja, kisha Pemba. Nimechukulia kwamba mnatokea Dar es Salaam. Mnaoingia kwa ndege, rukeni hatua ya nne.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vitambulisho halisi. Mtanzania abebe cha NIDA au pasipoti, kwa kuwa bila kitambulisho hata tiketi ya boti ni taabu. Mgeni abebe pasipoti pamoja na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni ya lazima. Ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima uliyokata kwenu haichukui nafasi yake.
- Nakala ya cheti cha ndoa, hata picha kwenye simu. Hoteli kubwa hazijali, lakini nyumba ndogo za wageni, hasa Pemba, zinaweza kuwauliza mkiwa wenyeji.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la Zanzibar kwa siku zenu zote. Lipo bure kwenye intaneti. Lipigeni picha, maana mtandao utawaacha pale pale mtakapolihitaji.
- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Sababu iko hatua ya kwanza.
- Viatu vya mpira vya kuingilia majini na miwani yenu wenyewe ya kuogelea. Ya kukodi huvuja, na mtakaa saa nzima mkifuta maji puani badala ya kutazama samaki.
- Vizibo vya masikio vya duka la dawa. Bei yake ni ndogo kuliko ya soda.
- Dawa ya kichefuchefu, khanga au kikoi kwa kila mmoja, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu.
- Fedha taslimu za noti ndogo. Malipo ya simu yanafanya kazi karibu kila mahali, ila nahodha mwenye mikono yenye maji ya chumvi hapendi kushika simu.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Imepigwa marufuku pande zote mbili za bahari.

Hatua

1. Chagueni tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani.

Wengi huanza na bei ya hoteli. Anzeni na mambo mawili: sikukuu na bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari.

Sikukuu ni rahisi. Kuanzia Krismasi hadi siku za mwanzo za Januari kila kitanda kina mtu. Julai na Agosti Wazungu wako likizo. Pasaka na sikukuu za Idi watu wa Dar huvuka kwa wingi, na boti za Ijumaa hujaa siku nyingi kabla. Februari Mji Mkongwe una tamasha la Sauti za Busara: zuri sana kama mmelifuata, balaa kama mmekuja kulala. Masika, yaani kati ya Machi na Mei, ni tupu na bei rahisi, lakini mvua ni mvua. Kwa wanaotaka utulivu na jua kwa pamoja, mimi huwaelekeza Juni mwanzoni, au Septemba mwishoni hadi Oktoba.

Ramadhani ndiyo siri iliyo wazi. Muziki hupungua mno na fukwe hupumua. Ila mchana hamli wala hamnywi mbele za watu nje ya hoteli, na migahawa mingi ya mjini hufunguliwa baada ya magharibi. Kama hilo haliwapi shida, hakuna mwezi mtulivu kuliko huo.

Sasa bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huenda mbali na kurudi kwa nguvu. Tofauti ya kupwa na kujaa hufikia kama mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Ndiyo maana ya kalenda ya Kiislamu: karibu na tarehe mosi na tarehe 15 ya mwezi wake, mko kwenye bamvua. Siku hizo bahari ya Unguja hukaribia kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi. Likumbukeni hili, litatumika mara tatu huko chini.

Angalizo: mwezi mpevu ndio pia wakati wa sherehe maarufu ya usiku ufukweni Kendwa. Mkitaka kucheza, tarehe ni hiyo. Mkitaka kulala, msiwe Kendwa wala Nungwi wikiendi hiyo.

2. Kubalianeni kiasi cha kelele kabla ya kulipia chochote.

Ni nadra wawili kutaka likizo moja. Mmoja anataka ngoma, mwingine anataka kitabu. Kila mtu ataje kitu kimoja asichokubali kukikosa na kimoja asichokubali kukivumilia, mviandike. Ugomvi wa kitu hiki ukifanyika sebuleni kwenu hauna gharama. Ukifanyika mapokezi ya hoteli saa sita usiku, unalipiwa kwa dola.

3. Anzeni na kelele, malizieni na ukimya.

Mfuatano ninaoupendekeza: usiku 2 Mji Mkongwe, 3 pwani ya Unguja, 2 au 3 Pemba, na wa mwisho tena Mji Mkongwe. Mkianza Pemba kisha mkaja Nungwi, muziki utawaumiza zaidi kuliko unavyostahili.

Msiongeze kisiwa kikubwa cha tatu. Mafia ni kizuri kweli kweli, kina hifadhi ya bahari tangu 1995 na papa potwe wa kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, ila kinafikiwa kwa ndege ndogo kutoka Dar au kwa boti ya Nyamisati. Hiyo ni safari yake peke yake.

4. Vukeni Dar hadi Unguja kwa boti ya asubuhi.

Boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Tiketi nunueni ofisini au kwenye tovuti ya kampuni, siku kadhaa kabla. Pale nje ya bandari kuna vijana watakaowaambia ofisi imefungwa au tiketi zimekwisha. Nyinyi tembeeni tu hadi dirishani. Anayeshika begi lenu bila kuulizwa anatarajia malipo, kwa hiyo kubalianeni bei kabla hajalinyanyua au mbebe wenyewe.

Asubuhi bahari huwa tulivu kuliko alasiri, hasa miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, Juni hadi Septemba. Anayechafukwa na bahari ameze dawa nusu saa kabla, asikae mbele, akae katikati au nyuma ya chombo, sakafu ya chini. Simu aiweke mfukoni.

5. Kodini boti nzima mjini, na mgeuze mzunguko.

Kutoka ufukwe wa Forodhani na Shangani boti huenda Changuu, kisiwa chenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli na jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikufunga wafungwa, liligeuzwa karantini. Ziara hiyo huunganishwa na fungu la Nakupenda, mchanga mtupu katikati ya bahari unaofunikwa maji yakijaa.

Makundi mengi huondoka kati ya saa tatu na saa nne, huanzia Changuu, kisha hujazana kwenye fungu kwa chakula cha mchana. Spika nne, nyimbo nne, mchanga mmoja. Nyinyi geuzeni. Siku za bamvua ondokeni saa mbili asubuhi, nendeni fungu kwanza wakati maji yanatoka, kisha Changuu wenzenu wakija fungu. Siku za maji mafu ondokeni baada ya saa nane mchana. Maji yanapwa jioni na makundi yanarudi mjini.

Mazungumzo na nahodha yafanyeni jioni ya siku iliyotangulia, kwa salamu kamili. Asiyesalimia Unguja hulipa zaidi. Kisha ulizeni hivi:

"Kaka, hii bei ni ya boti nzima au ya kichwa?"

"Ya boti."

"Ni sisi wawili tu, hamchanganyi na wengine?"

Hapo atanyamaza kidogo. Kimya hicho kina maana kwamba alikusudia kuchanganya. Endeleeni: kiingilio cha Changuu kimo au tunalipa mlangoni? Kivuli kipo? Majaketi ya kuokolea yako wapi, tuyaone? Muziki uzimwe, sawa? Kila jibu lirudieni kwa sauti, mlipe nusu, nusu nyingine mkirudi. Asiyewaonyesha majaketi, mshukuruni mwende kwa mwingine.

Jioni Forodhani pana watu wengi, lakini huo ni umati wenye chakula. Nendeni mara tu baada ya magharibi, mle urojo na mishikaki, mnywe juisi ya miwa. Samaki na kamba waliopangwa mezani wakitazama taa mara nyingi wamekaa hapo muda mrefu. Chagueni kinachotoka jikoni mkiona.

6. Chagueni pwani moja na mkae hapo.

Hili ndilo swali la Nungwi au Paje, na jibu lake linategemea maji.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, mnaweza kuogelea karibu saa zote na jua linazama baharini mbele yenu. Kwa hiyo kila mtu yuko huko. Baa, pikipiki za majini, vijana wa kuuza safari kila hatua kumi. Daladala ya Nungwi kutoka mjini ni namba 116.

Mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari hukimbia. Siku za bamvua maji yakipwa mtatembea mchangani mbali sana kabla ya kuogelea. Hamjatapeliwa, ndivyo pwani ilivyo. Asubuhi hiyo akina mama wako kwenye mashamba yao ya mwani, vigingi na kamba, miguu majini. Mkipita kati ya mistari mtakanyaga kazi ya mtu, hivyo zungukeni, msalimieni, na msipige picha bila ruhusa. Kuogelea ni alasiri, maji yakirudi. Paje ina vijana wengi na vishada vya kuteleza majini upepo ukivuma. Jambiani imetulia zaidi. Matemwe zaidi bado. Anayetaka machweo akiwa upande wa mashariki atafute Michamvi Kae, ambayo imegeukia magharibi.

Kwa wawili wanaotaka kulala, uamuzi wangu ni Jambiani au Matemwe, na siku moja tu ya kutembelea Nungwi. Kama mmoja wenu hawezi kuishi bila kuogelea asubuhi, na tarehe zenu ni za bamvua, basi kaeni Nungwi na mfanye mambo haya mawili. La kwanza, ufukwe uchukueni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Waliokesha bado wamelala, wavuvi wanashusha samaki, mchanga hauna kiti. Hakuna saa nyingine kama hiyo. La pili, chumba.

Mnapoagiza chumba popote, msiulize "ni patulivu?" Kila hoteli itasema ndiyo. Pigeni simu muulize: baa iliyo karibu iko umbali gani, ni yenu au ya jirani? Muziki unazimwa saa ngapi Ijumaa na Jumamosi? Jenereta iko upande gani? Kuna ujenzi jirani? Nungwi na Paje hujengwa kila siku, na nyundo huanza kabla ya chai.

Adhana ya alfajiri msiipeleke mapokezi kama malalamiko. Msikiti ulitangulia hoteli.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni. Mkiingia kijijini, dukani au kwenye daladala, mabega na magoti yafunikwe, nyote wawili. Khanga ile mliyobeba inafanya kazi hapo.

7. Mnemba nendeni mapema, pomboo waacheni.

Miamba ya Mnemba ina samaki wa kushangaza, na saa nne asubuhi ina boti za kushangaza pia. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hamshuki, mnaogelea pembeni. Kutoka Matemwe ni karibu zaidi kuliko kutoka Nungwi, kwa hiyo boti inayotoka Matemwe saa moja itawafikisha kabla ya msafara. Ziara za Kizimkazi za kufukuza pomboo kwa boti nyingi kwa pamoja mimi siziungi mkono. Mnyama anazingirwa, nanyi mnarushwa majini katikati ya mapangaboi.

8. Pemba.

Hapa ndipo mwongozo unapopumzika. Kuna ndege ndogo kutoka Unguja, kama nusu saa, na kuna boti, ambazo hazivuki kila siku kwa kila kampuni. Ulizeni ratiba mkifika mjini. Mkondo kati ya Nungwi na Pemba ni mkali. Watu hapa hawajasahau meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala ile ya Skagit iliyozama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, msipande, hata kama mmeshalipa. Wakati wa kusi kali mimi ningechukua ndege.

Usiku wa kwanza laleni Chake Chake, mtafute dereva, mtoe pesa benki. Kisha pandeni kaskazini kupitia Konde hadi msitu wa Ngezi. Barabara inapita ndani ya msitu wenyewe na kutokea pwani ya Vumawimbi na rasi ya Kigomasha. Vumawimbi ni mchanga mrefu usio na duka. Bebeni maji, maandazi, matunda, na mfuko wa kurudishia taka. Siku nyingine chukueni boti hadi kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake, kwa ajili ya matumbawe. Hakuna pa kulala kisiwani, mnarudi jioni.

Pemba haina maisha ya usiku, na pombe ni ya kutafuta kwa tochi. Mjue hivyo kabla, mmoja wenu asije akanuna. Msimu wa karafuu mtaziona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Dereva apite taratibu, hayo ni mapato ya nyumba ya mtu.

Mambo yakienda kombo

*Boti imeahirishwa kwa upepo.* Msibishane. Ombeni tiketi ibadilishwe tarehe, si kurudishiwa pesa. Ya kwanza hufanyika dirishani, ya pili huchukua muda. Ndiyo sababu ya usiku ule wa mwisho Mji Mkongwe: ndege ya kurudi nyumbani isiwe siku ile ile mnayotoka Pemba.

*Chumba kiko juu ya disko.* Nendeni mapokezi usiku huo huo, msisubiri asubuhi. Ombeni chumba cha nyuma, hata kama hakioni bahari. Usiku hamuioni hata hivyo. Ikishindikana, vizibo na feni kwa kasi ya juu.

*Nahodha amepakia watu wengine sita.* Kabla boti haijasukumwa majini mna nguvu, baada ya hapo hamna. Shukeni, mkumbusheni mliyokubaliana jana mbele ya wenzake, kwa upole. Akisema ni ndugu zake, bei ishuke.

*Kundi la jirani ufukweni limewasha spika.* Mmoja wenu aende kusalimia na kuomba ipunguzwe. Mara nyingi hupunguzwa. Isipopunguzwa, tembeeni dakika kumi upande usio na viti. Makundi hayapendi kutembea.

*Vijana wa kuuza safari hawaachi kuwafuata.* "Ahsante kaka, tumeshapata" na mwendo usiobadilika. Mkisimama kujieleza, mmeanza kununua.

*Mmekanyaga miba ya baharini.* Ile nyeusi mirefu hukatikia ndani. Msiikamue. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, kisha waulizeni wenyeji. Wengi hutumia utomvu wa papai. Mguu ukivimba au mwenyewe akipata homa, nendeni kituo cha afya.

*Siku ya nne hamtaki hata kusemeshana.* Hutokea, kwa jua na kulala vibaya. Asubuhi mmoja akae na kitabu Jambiani, mwingine apande daladala kwenda mjini, mkutane saa kumi maji yakijaa.